Kwa Ngoie, Anayerudi Kungoja Ruhusa ya Kazi

Mtaa wa Kenya, Lubumbashi
Jioni, kabla ya safari yako

Ngoie mwanangu, wewe ninayekuita mama kwa sababu una jina la mama yangu,

Sasa hivi uko kwa jirani, Mama Feza anakusuka. Nakusikia kupitia ukuta. Amekuambia kitu, umecheka, halafu umenyamaza ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba hapaswi kucheka. Cheka, mama. Matanga yamekwisha, na hata yasingekwisha, yule tuliyemzika alikuwa mtu wa kucheka.

Nimeketi mlangoni mwa karakana yangu. Nimezima mashine ya kuchomelea mapema leo, mwenye geti lake atangoja. Naandika kwa sababu mdomo wangu una mbio. Ukiniuliza jambo, jibu linatoka kabla swali halijaniingia vizuri, na mara nyingi linatoka likiwa methali. Unajua mwenyewe jibu moja la namna hiyo limekufanyia nini. Kalamu yangu ni nzito. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo hapa siwezi kukimbia.

Sitakuambia habari za sweta wala za kula. Shangazi zako wamefanya kazi hiyo wiki nzima, na sanduku lako wamelijaza samaki wakavu hadi nahofia mbwa wa kila uwanja wa ndege watakufuata. Mimi nina mambo mengine, na siyajui mpangilio wake. Utayapokea jinsi yanavyokuja.

Nianze na ile simu.

Mama yako alikuwa katika nyumba ya maiti tangu asubuhi. Uwanja wetu ulishajaa viti. Mjomba wako Banza, kaka mkubwa wa mama yako, alikuwa amekaa katikati ya watu, kofia juu ya goti, na aliniita mbele ya wote.

“Shemeki, dada yangu hataingia mu bulongo kama mutoto wake wa kwanza hayafika. Kwetu ile hatuijue.” Yaani hatazikwa mpaka ufike.

Nilijibu, “Ndiyo, nitamwita.” Sikubishana naye. Nilikuwa na haraka ya kumtii, na sababu yake nitakueleza. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya nguo, nikakupigia. Ulikuwa umekwisha kulia na wadogo zako, sauti yako ilikuwa imekauka. Ukasema, “Papa, sikia kwanza.”

Maneno uliyosema baada ya hapo nayakumbuka kuliko sala. “Ruhusa yangu ya kazi ilikwisha, papa. Lakini niliomba baongeze kabla ikwishe, njo maana banakubali niendelee kutumika kazi yangu wakati nangojea jibu. Nikitoka mu inchi, ile inakatika. Viza iko, nitaingia tena bila matata. Lakini kutumika hapana, mpaka jibu ikuye.”

“Na jibu itakuya lini?”

“Hakuna mwenye anajua, papa. Inaweza kuwa karibu, inaweza kuwa miezi mingi. Na patron wa kazi hawezi kuniwekea nafasi bila mwisho.”

Nami nikasema, “Kazi inapatikana. Mama hapatikani mara mbili.”

Nilipolisema nililiona neno zuri. Mtu aliyekuwa akipita na sufuria alitikisa kichwa, kama kusema baba amesema kweli. Nikasikia gari likipita huko ulikokuwa, kisha ukasema, “Nimesikia, papa. Nakuya.”

Ulikuwa umeniuliza swali la kazi, mimi nikakujibu kwa kifo. Mtoto angesema nini tena baada ya hapo? Nilikufunga mdomo kwa maiti ya mama yako. Natafuta njia ya kuliandika jambo hili kwa upole na siioni.

Habari yenyewe nilikuja kuielewa baada ya mazishi, tulipokuwa kwenye mkeka, wewe na mimi, na wanawake wanaosha vyombo. Nilikuuliza, “Ni sawa na bidoni ku robine?” Maana hapa mtaani Kenya kila mtu anajua bidoni yake, dumu la njano, anaiweka kwenye mstari wa bomba, anakwenda kufanya mambo yake, na akirudi anaikuta mahali pake. Ulicheka kidogo, mara ya kwanza tangu ufike. Ukasema, “Karibu, papa. Bidoni yangu ingali mu mulongo, hakuna mwenye ataitosha inje. Lakini mwenye kungojea pembeni yake, banamupa maji ya kukunywa. Mwenye kuondoka, anarudia kungojea na kiu.”

Nikaelewa hapo. Nikaelewa pia kwamba ulikuwa umenieleza jambo hilo hilo katika simu, kwa maneno mengine, na kwamba sikuwa mjinga siku ile. Sikutaka kusikia.

Sasa sababu ya haraka yangu.

Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilifanya kazi Kitwe, upande wa Zambia. Nimekusimulia vichekesho vya huko, chakula, mipira ya Jumapili. Sikukusimulia jinsi nilivyofanya kazi. Sikuwa na karatasi. Nilivuka mpaka na rafiki, tukapata mtu mwenye karakana ya mabodi ya malori. Alikuwa na ukuta mrefu na shimo la kutengenezea magari. Kila alipoingia mgeni asiyemjua, aliniita kwa sauti ya mzaha, “Mkongomani, nyumbani kwako!” na mimi nikashuka ndani ya lile shimo, chini ya lori, nikakaa na mafuta yakinidondokea shingoni mpaka mgeni aondoke. Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nilijifunza kukohoa bila sauti.

Askari hawakunikamata hata mara moja. Aliyenishika ni yule mwenye karakana, na alinishika bila kuninyooshea kidole. Mshahara wangu aliuchelewesha apendavyo. Alipoupunguza, aliupunguza huku akinitazama usoni, maana alijua sina mahali pa kwenda kulalamika. Hakuwa mtu mbaya sana, Ngoie. Alinipa blanketi wakati wa baridi. Lakini ukimpa mtu nafasi ya kukufanyia lolote bila kuulizwa, hata mtu mwema ataitumia siku atakapobanwa na shida.

Habari kwamba mama yangu, yule Ngoie wa kwanza, amefariki ililetwa na dereva wa lori. Lubumbashi si mbali na Kitwe. Mtu akitoka asubuhi anaweza kulala kwao. Nikamwomba yule bwana mshahara wangu uliokuwa kwake. Akasema, “Mwisho wa mwezi.” Nikangoja mwisho wa mwezi. Niliona aibu kufika kwenye matanga ya mama yangu mikono mitupu, mimi niliyekuwa ng'ambo. Nilipofika, walikuwa wamekwisha kukunja mikeka. Majivu ya moto wa matanga yalikuwa yamefagiliwa. Kaka yangu aliniletea maji ya kunawa kama anavyoletewa mgeni, akaniambia, “Umefika, ni vizuri.” Hakusema neno zaidi, na mpaka anakufa hakusema.

Basi mjomba Banza aliposema kwamba mtoto wa kwanza lazima afike, nilimsikia kaka yangu akiniletea maji. Nikaapa moyoni kwamba katika nyumba yangu hakuna atakayeletewa maji yale. Kwa hiyo siku ile sikuwa nikikuita wewe. Nilikuwa nikimwita kijana mmoja wa Kitwe atoke kwenye shimo. Wewe ndiye uliyepanda ndege.

Nikisema hivi sitaki ufikiri ninajuta kukuona. Ulipoingia getini na koti lako zito mkononi, katika joto hili la mwezi wa kumi, wanawake wote wakapiga mayowe, na mimi nilisimama tu. Kaburini ulichukua udongo mkononi, ukaushika kwa muda mrefu kabla ya kuutupa, hata padre akangoja. Picha ile nitakufa nayo. Ninachosema ni kwamba nilipata faraja yangu, na wewe ndiye utakayeilipia, peke yako, katika chumba chenye baridi. Ni vibaya baba kupokea kitu cha namna hiyo bila hata kukitaja.

Lipo lingine, na ni zito kuliko hili. Shangazi yako alikuambia kabla sijapata ujasiri. Nilikuona ukimsikiliza, kisha ukainuka ukaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ni kweli. Mama yako aliugua muda mrefu. Sukari ilikuwa imefika kwenye figo, na daktari alituambia wazi. Wakati ule ruhusa yako ya zamani ilikuwa bado ina miezi mbele yake. Ungeomba likizo, ungekuja, ungekaa kitandani kwake, mngegombana juu ya chumvi katika mboga ya sombe kama kawaida yenu, ungerudi kazini, kwenye maabara yako ya maji, na hakuna mtu ambaye angekunyima kazi. Mlango ulikuwa wazi pande zote mbili.

Sisi tukaufunga. Alisema yeye, na mimi nikakubali. “Musimusumbue mutoto. Anatumika.” Kila Jumapili kabla ya kukupigia video nilimpaka mafuta usoni, nikamfunga kitambaa kile cha rangi ya machungwa kinachomfanya mtu aonekane mnene. Nilishika simu karibu ili usione vyuma vya kitanda cha hospitali. Unakumbuka ulipomwambia, “Mama, umekonda”? Akakujibu, “Niko mu kwaresima.” Ukasema, “Kwaresima ilikwisha, mama!” Naye akasema, “Nalipa ile ya mwaka jana.” Ukacheka mpaka simu ikatetemeka. Mimi niliyeshika simu nilicheka pia. Tulipokata, aligeukia ukutani. Akaniambia, “Uliona meno yake? Ile jino yake ya kuuma imepona kabisa.”

Tulidhani tunakulinda. Hapa kwetu ndivyo tunavyompenda mtu aliye mbali, tunamficha. Yeye naye akiwa na shida anatuficha, na simu zinakwenda na kurudi kila Jumapili zikiwa zimejaa afya njema. Wewe pia umefanya hivyo. Ile baridi ya kwanza, ulipolala na njaa kwa sababu kazi uliyoifanya ukiwa mwanafunzi ilikuwa imekatika, nilikuja kuijua mwaka uliofuata, kwa bahati. Hukujifunza kwa watu wa huko. Ulijifunza kwetu.

Nakuomba tuache. Mimi nitaanza. Shinikizo langu la damu si zuri, na jicho la kushoto limechoshwa na moto wa kuchomelea. Ndiyo hivyo. Sina lingine nililoficha. Na wewe ukiwa na njaa, sema njaa. Usiniambie “ça va”, niko mzima, halafu ninyi wawili, wewe na sauti yako, mwende njia mbili. Ukisema njaa sitakuwa na dawa kubwa, lakini kidogo ninacho. Nimekubali kazi ya madirisha ya parokia, ile niliyoikataa kwa sababu wanachelewa kulipa. Nitakutumia. Najua watu watacheka, pesa kutoka mtaa wetu wa Kenya kwenda Bulaya. Waache wacheke, wamecheka mengine.

Na sasa jambo linaloninyima raha kuliko yote.

Juzi nilikuwa nyuma ya mlango nikitafuta kiberiti, nikakusikia ukimwambia mdogo wako anayekufuata kwamba kuna mwanamke wa huku kwetu, anayeishi huko mjini kwako, mwenye jiko la kupikia sherehe. Kwamba anaweza kukuchukua, uoshe masufuria na kukata vitunguu, analipa mkononi, jina lako halionekani popote. Mdogo wako akakuuliza, “Na bakikukamata?” Ukamjibu, “Nani atakuya kukamata muntu mu kitunguu?” Mlicheka wote wawili. Lilikuwa neno la mama yako kabisa, ungedhani yuko pale.

Sikuingia. Naingia sasa.

Sijui sheria za nchi ile kuliko wewe. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba wakikuta umefanya kazi wakati usioruhusiwa, lile jibu unalolingoja linaweza kuwa hapana, na baada ya hapana ile kuna nyingine. Hilo unalijua. Mimi najua lile shimo. Najua mwanamke yule anaweza kuwa mwema, akakupa chakula cha kubeba nyumbani, na siku moja atachelewesha pesa yako na utasema, “Hakuna shida, mama,” kwa sababu huwezi kusema lingine. Siku ya pili utasema hivyo haraka zaidi.

Na shimo lile halikuachi ukitoka. Niliporudi hapa, nikaoa, nikafungua karakana hii katika mji niliozaliwa, na kitambulisho changu mfukoni, bado kila mtu mwenye sare alipokaribia nilijikuta nyuma ya mlango. Sikuamua, miguu ilikwenda yenyewe. Siku moja mama yako alinifuata huko nyuma, wewe ukiwa mgongoni mwake. “Unajificha nani?” Nikasema natafuta nyundo. “Nyundo iko mu mukono yako. Na yule bwana anataka kununua mulango, eko anauliza mwenye karakana alikufa?” Nikatoka. Nikamuuzia polisi yule mlango wake, na nilikosea vipimo. Ilinichukua miaka, Ngoie. Miaka katika nchi yangu mwenyewe.

Sitaki miguu yako ijifunze hivyo. Ngoja kwa kiu. Nalisema nikijua si mimi nitakayengoja.

Nimejaribu kukumbuka mtu niliyewahi kumwona akingoja vizuri, na nimempata mmoja tu. Mama yako alipokuwa akienda Kasenga kununua samaki, njia iliharibika kwa mvua mara nyingi, na malori yalikaa siku na siku. Niliwahi kwenda kumfuata, nikidhani nitamkuta amekaa juu ya vikapu vyake analia. Nilimkuta kwa wanawake wa kando ya mto Luapula, amepanga vikapu vya watu wengine ambavyo havikumhusu, anagombana nao kwa Kibemba kibovu kuhusu namna ya kukausha. Nikamuuliza lori liko wapi. Akasema, “Mi najua? Lori iko na mwenyewe.” Samaki wake wengine waliharibika mwaka ule, nisikudanganye. Alipoteza. Lakini hakukaa akitazama barabara. Alisema ukitazama barabara sana unaanza kuona malori ambayo hayapo.

Kwa hiyo usifungue ile simu kila saa kutazama kama wameandika. Nimekuona hapa, hata kwenye misa ya mama yako. Sikukulaumu. Nenda kanisani kwao ukaimbe. Kama kuna mzee anayehitaji kusomewa, na sheria inakubali, msomee. Lala mchana ukichoka. Na siku ambayo huwezi kufanya lolote, usilifanye, na usijiite mvivu. Ni huzuni tu, nami niko nayo hapa, tunaigawana. Mimi jana nilikaa na kiatu kimoja mguuni mpaka jua likapanda.

Jibu likiwa hapana, rudi. Usikae huko kwa aibu, usitafute njia za pembeni. Hakuna atakayekuuliza umeleta nini. Akiuliza, nitamjibu mimi, na safari hii si kwa methali.

Nimebakiza la leo asubuhi. Ulidhani nimekwenda kununua elektrodi za kuchomelea. Nilikwenda kwa mjomba wako Banza.

Nilimkuta anakunywa munkoyo wake wa mahindi. Kiongozi wa shirika letu la parokia nilikuwa nimemwomba aje pia, ili pawe na shahidi. Nikaanza kwa jambo jepesi, nikamwambia kwamba kuanzia sasa hakuna mtu wa familia atakayekuomba chochote mpaka ruhusa yako itoke, maana hutakuwa na mshahara.

Mjomba wako akaweka kikombe chini. “Shemeki, nifasirie. Mutoto eko Bulaya, lakini hatumike?”

“Hatumike. Anangojea jibu.”

“Na kungojea, kule hawalipake?”

“Hawalipe.”

“Sasa ile ni Bulaya gani?” Kiongozi wa shirika alicheka mpaka akashika tumbo, na mimi nikacheka, na mjomba wako mwenyewe mwishoni akacheka. Akasema polepole, “Kumbe siku ile nilimwita, nilimutosha inje ya kazi.” Nikamwambia, “Tulimutosha wote wawili.” Alitazama kofia yake muda mrefu. Si mtu mbaya, mjomba wako. Alikuwa anamzika dada yake kwa njia anayoijua.

Hapo nikasema lile lililonipeleka. Nilisimama, maana maneno ya namna hiyo kwetu husemwa mtu akiwa amesimama. Nikasema kwamba mimi nikifa wakati Ngoie bado anangoja, msimwite. Msiniweke katika nyumba ya maiti kumngoja. Mdogo wake anayemfuata atatupa udongo wa kwanza, na udongo ule utahesabiwa kuwa wake. Yeyote atakayempigia simu kumwambia aje, anakwenda kinyume na neno langu mimi mwenye kufa.

Mjomba wako aliruka. “Shemeki! Unajilaani? Dada yangu hayafikisha hata mwezi mu bulongo!” Kiongozi wa shirika akasema tumalize kwa sala. Nikawaambia sala itafuata, kwanza mnijibu. Walikataa. Nikabaki nimesimama. Magoti yangu unayajua, na wao wanayajua. Jua liliingia mlangoni likafika kwenye miguu yangu. Mwishoni mjomba wako alisema, “Ikala chini, shemeki. Nimesikia.” Nikamwambia, “Sema mbele ya huyu.” Akasema, “Nimesikia, na nitalinda.” Ndipo nikakaa.

Kwa hiyo limekwisha semwa, lina shahidi, na halirudishwi. Sina mpango wa kufa, usianze kulia kwa Mama Feza na nywele nusu. Lakini mimi nimeona jinsi kifo kisivyouliza kama ombi la mtu limejibiwa.

Siku hiyo, kama itakukuta bado unangoja, utapigiwa simu na mdogo wako. Hatakuambia uje, atakuambia tu. Lia. Kisha, siku ruhusa ile itakapotoka, nenda kazini. Kabla haijatoka, kaa ndani ya nchi ile, na mtu akikuuliza kwa nini hukwenda kumzika baba yako, mwambie baba alikukataza.

Baba yako,
Kalenga